Mkono wa Mgeni Mezani



Mwezi uliopita nalikuwa Kibondo kwa kazi ya mafundisho, na jioni moja alinijia mwalimu kijana ambaye amechaguliwa kwenda kusoma ng'ambo. Akaketi, akazungumza habari za shule na habari za mvua, lakini kwa jinsi alivyokuwa akiizungusha kofia yake mikononi nalijua ya kuwa hayo siyo yaliyomleta. Hata alipoinuka kwenda zake, akasimama mlangoni, akanena, "Mwalimu, masomo siyaogopi, wala baridi siiogopi. Naogopa chakula. Nitakulaje mbele ya watu wale?"

Akaniambia kwamba wenzake aliowaambia jambo hili walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hofu hiyo naijua. Ya pili nitaieleza mbele, maana si jambo la kujisifia.

Mtu aweza kuuficha ujinga wake wa mambo mengi kwa kunyamaza. Akiwa hajui lugha, atatabasamu. Akiwa hajui njia, atamfuata mwingine. Lakini mezani kunyamaza hakumfichi, kwa kuwa mkono wake ndio unaosema, na kila aketiye karibu ausikia. Ndiyo sababu mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye kuheshimiwa kijijini kwake, aweza kuketi mbele ya sahani ya wageni akatoka jasho kama mtoto aliyeitwa mbele ya ubao.

Tena tusidhani kwamba sisi hatuna adabu za chakula, na kwamba adabu zote zimetoka mbali pamoja na uma na kisu. Nyumba nyingi za Buha, tangu Kasulu hata Kibondo, zalijua adabu kabla ya meza kuingia nyumbani. Mtoto hufundishwa kunawa, na kuwanawisha wakubwa kwanza. Hufundishwa kutotia mkono kabla ya mzee, kula kwa mkono wa kuume, kutochagua vinono, na kutomtazama mtu kinywani atafunapo. Apitaye njiani wakati wa chakula hukaribishwa, hata kama ugali wenyewe ni mdogo. Hizi ni sheria, ingawa hazikuandikwa ukutani. Shida ya mgeni si kwamba hana sheria. Shida ni kwamba anazo, tena anazishika sana, naye amefika mahali penye nyingine.

Babu yangu alikuwa manamba. Wazee wengi wa Buha walikuwa hivyo. Walishuka Kigoma kwa miguu, wakapanda gari la moshi katika reli iliyofika huko mwaka 1914, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU, na magari yake yakaja kuwachukua watu huku kwetu. Jina la manamba lilitokana na namba alizopewa kila mtu. Basi babu alisema kwamba siku moja, huko Tanga, alialikwa karamuni na mtu wa pwani. Wali ukaletwa katika sinia moja, na samaki juu yake, watu wakaketi mkekani kuizunguka. Kwetu nyumbani kitoweo hugawanywa na mkubwa wa nyumba, na mdogo hungoja apewe. Babu akangoja. Akala wali wa upande wake, kwa adabu kabisa, huku akimtazamia mkubwa amkatie samaki. Wenzake kila mmoja akamega wa upande wake. Wali ukaisha, samaki akaisha, naye babu akanawa mikono akiwa amekula wali mtupu, akidhani ametukanwa. Na yule mwenyeji, kwa upande wake, alidhani kwamba Muha huyu hapendi samaki.

Nyumbani twalikicheka sana kisa hiki, na babu mwenyewe alicheka kuliko sisi sote. Lakini alikuwa akimaliza kwa neno moja: "Ukifika kwa watu, macho yako yatangulie mkono wako." Wahenga nao wamekwisha kusema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Wakubwa kuliko babu yangu wamepita njia hiyo. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda Uingereza kwa sherehe ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, pamoja na karani wake Ham Mukasa, ambaye aliandika habari za safari ile, na kitabu chake kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1904. Mwaka 1931 watu watatu wa Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba, aliyesoma katika shule ya misioni ya Kiungani, Unguja. Hawa wote walikuwa watu wa heshima kwao. Hata hivyo, huko walikokwenda, kila mmoja alikuwa mgeni katika nyumba ya watu. Basi kijana wa Kibondo asione haya kuingia katika safu hiyo.

Wala asidhani kwamba wenye uma walizaliwa nao mkononi. Mwaka 1611 Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, alichapisha kitabu cha safari zake katika nchi za Ulaya, akaeleza kwa mshangao kwamba Waitalia huishika nyama kwa uma mdogo wanapoikata, kwa kuwa hawapendi iguswe kwa vidole. Aliporudi kwao akauendeleza mtindo huo, na rafiki yake mmoja akamtania kwa jina la mzaha. Kumbe hata Uingereza mtu aliyetumia uma alichekwa! Aliyechekwa jana kwa kuutumia, leo huchekwa asiyejua kuutumia. Chombo ni kile kile.

Na desturi za watu ni nyingi. Huko Ethiopia watu hula injera kwa mkono katika sinia moja, na mtu humtia mwenzake tonge kinywani kwa mkono wake mwenyewe kuwa ishara ya upendo, nao huiita gursha. Ukikataa, umekataa upendo. Huko Japani hula kwa vijiti, wala hawavisimamishi wima katika bakuli la wali, kwa sababu ndivyo wanavyofanya katika wali wa kuwatolea wafu. Mgeni anayevisimamisha hajui kwamba ameleta msiba mezani. Nani awezaye kuyajua haya yote kabla ya kusafiri? Hakuna.

Sasa nije kwa habari yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mimi na wenzangu wawili twalialikwa kwenda Ujerumani kwa muda wa majuma mawili, kuwatembelea Wakristo wa huko, na kila mmoja wetu akapewa nyumba ya kukaa. Kabla ya kuondoka nalijifunza maneno machache ya Kijerumani, na la kwanza lilikuwa "Danke," maana yake asante. Nikalitunza neno hilo kama fedha ya safari.

Jioni ya kwanza tuliketi mezani. Palikuwa na mikate, na jibini, na nyama zilizokatwa nyembamba, na matango. Nikala kipande kimoja kwa kiasi, nikingoja chakula. Kwetu mkate ni kitu cha chai, na chakula hufuata. Kumbe huko chakula cha jioni ndicho hicho, nacho mara nyingi ni cha baridi. Mama mwenye nyumba akanisogezea sahani ya mkate. Nikatabasamu, nikasema, "Danke." Akairudisha sahani. Akanisogezea nyama. Nikasema kwa furaha zaidi, "Danke." Akaiondoa. Nikastaajabu sana. Kwetu mgeni akikataa husihiwa mara ya pili na ya tatu, na huyu aliyeshukuru ananyang'anywa! Usiku ule nalilala na njaa. Siku ya pili mwenzangu aliyewahi kufika huko akanieleza: ukiletewa kitu ukajibu "Danke" peke yake, umesema hapana, asante. Ukitaka sharti useme "ndiyo, tafadhali." Basi nalikuwa nimekataa kila kitu kwa adabu kubwa, nao kwa adabu wakanitii.

Jambo la pili lilikuwa mkono wangu wa kushoto. Huko huushika uma kwa kushoto na kisu kwa kuume, wakakata na kula hivyo hivyo. Lakini mkono wangu wa kushoto tangu utoto haukupata kunitia chakula kinywani. Mama yangu angeupiga. Kila nilipouinua uma nalihisi kana kwamba mama amesimama nyuma ya kiti. Viazi vikaanguka, na mbaazi zikakimbia sahanini kama kuku waliomwona mwewe.

Asubuhi ya tatu wakaniletea yai. Lilikuwa limechemshwa, nalo limesimamishwa katika kikombe kidogo mno, na pembeni kijiko kidogo. Sikutazama kwanza, nalisahau neno la babu. Nikalitoa yai kikombeni kama nifanyavyo nyumbani, nikaanza kulimenya kwa vidole. Lilikuwa la moto sana. Likaniponyoka, likabingirika juu ya kitambaa cheupe cha meza, likapita karibu na kikombe cha baba mwenye nyumba, na kiini kibichi kikamwagika njiani. Pale mezani palikuwa na mtoto wa miaka kama minane. Akacheka. Wala sikumlaumu, maana hata mimi ningecheka kama lingekuwa yai la mtu mwingine. Lakini nalihisi masikio yangu yakiwaka, nikaiweka mikono yangu mapajani, nikasema nimeshiba.

Pale mezani palikuwa na bibi mzee, mama yake mwenye nyumba, ambaye hakujua neno la Kiswahili wala la Kiingereza. Yeye alikuwa amekwisha kuligonga yai lake kwa kijiko, kama desturi yao. Akalitoa kikombeni, akalimenya kwa vidole vyake, polepole, huku akilipuliza kwa sababu ya moto, akalila kutoka mkononi. Kisha akanisogezea yai lingine, wala hakunitazama. Mtoto akamtazama bibi yake, akanyamaza, akalimenya la kwake pia. Basi tukala mayai sisi watatu kwa mikono, na kiini kikatuchafua vidole sote.

Nalipokuwa nikila yai lile ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja, nalo likanikwama kooni. Hii ndiyo sababu ya pili niliyoahidi kuieleza.

Mwaka 1996 vita ilipowaka Kongo, watu wengi walilivuka ziwa Tanganyika wakaja Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mimi nalikuwa mvulana wa shule ya msingi. Jioni moja baba alimkaribisha nyumbani mtu mmoja aliyekuwa akienda kambini, mtu mzima kama baba mwenyewe. Tukaandaliwa ugali wa muhogo na maharage. Yule mgeni alinawa, akangoja mpaka baba alipoanza, kisha akala. Matonge yake yalikuwa makubwa, makubwa sana, naye aliyameza upesi bila kutafuna vema. Nikamgusa ndugu yangu, nikamnong'oneza, "Tazama matonge yale," nasi tukacheka.

Nalidhani hakusikia. Lakini Kiswahili alikijua kama sisi. Mkono wake ulikuwa umeelekea kwenye ugali, ukasimama, ukarudi. Akasema, "Nimeshiba, Mungu awabariki." Baba akamsihi, mama akamsihi. Akakataa. Ugali ulibaki zaidi ya nusu. Usiku nalimsikia akiinuka kwenda mtungini kunywa maji, mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu. Nami nilikuwa mtoto mwenye kushiba, lakini hata mtoto ajua mtu anywaye maji kwa kiu na mtu anywaye maji kwa njaa. Alfajiri akaondoka kabla ya uji.

Baba hakunipiga. Aliniita nje akaniambia, "Yule mtu hakula siku mbili. Umemnyima chakula nyumbani mwangu, wala hukuugusa ugali. Jicho lako limekula tonge lake."

Niliporudi kutoka Ujerumani nalitafuta ruhusa, nikaenda Nyarugusu kumtafuta. Nikawapata waliomjua. Wakaniambia kwamba alikuwa amekwisha kupelekwa Marekani yeye na jamaa yake, kama wakimbizi wengi wa Kongo waliopata makao huko. Basi sikumwomba radhi, na sijui kama nitapata kumwomba. Ameketi sasa katika meza za watu wengine, katika nchi ya baridi, na mara nyingi najiuliza ni nani anayeutazama mkono wake, na kwa jicho gani.

Kwa hiyo, wapenzi, ninayo maneno machache ya kuwaambia wageni, na machache ya kuwaambia wenyeji.

Kwanza, mgeni asiwe wa kwanza kutia mkono. Amngoje mwenyeji aanze, atazame, kisha afuate. Akiona vyombo vingi pande zote za sahani, aanze na vya nje, aende ndani. Akimaliza, aweke kisu na uma sambamba juu ya sahani, kwani huko ndiyo kusema nimekwisha.

Pili, aulize. Kuuliza si ujinga. Neno hili, "Kwenu hiki huliwaje?" halijamwaibisha mtu bado, tena mara nyingi humfurahisha mwenyeji, kwa kuwa limempa nafasi ya kufundisha.

Tatu, kama kuna chakula asichoweza kula, kwa ajili ya ugonjwa au kwa ajili ya dini yake, aseme mapema na kwa upole, kabla hakijapikwa. Asikunje uso mbele ya sahani. Mwenyeji atakusamehe usipokula, lakini uso uliokunjwa hatausahau.

Nne, asione haya kwa kosa dogo hata akalifanya kubwa. Kitambaa hufuliwa. Mimi nalitaka kuukosa mkate wa siku nzima kwa ajili ya yai moja.

Na wenyeji je? Kwao maneno ni mawili tu. La kwanza: usimtazame mgeni mkono. Mtazame usoni, uzungumze naye habari za safari na za watu wake. La pili: ukimwona amekosa, kosa pamoja naye. Bibi yule hakunifundisha kula yai. Somo hilo lingengoja siku nyingine. Alinirudisha kwanza katika meza ya watu.

Walimu wenzangu, neno hili lawahusu ninyi zaidi. Katika shule zetu za Kasulu na Kibondo wamepita watoto waliokimbia kutoka Burundi na Kongo, na wapo watoto wa watumishi waliohamishwa kutoka pwani, na kutoka Kilimanjaro, na kutoka Usukuma. Wakati wa uji na wakati wa makande, angalieni ni nani aketiye peke yake na bakuli lake, akiwa amewapa wenzake mgongo. Mara nyingi mtoto huyo si mwenye kiburi, bali alichekwa siku ya kwanza. Kumfundisha mtoto kunawa mikono ni kazi njema, na kumfundisha kulinda jicho lake ni kazi kubwa zaidi.

Tukumbuke pia kwamba lile tuliitalo utovu wa adabu pengine ni njaa. Anayekula upesi huenda hakula jana. Anayejaza sahani huenda alikotoka chakula hakikutosha. Na anayekataa kila kitu akitabasamu, huenda amejua neno moja tu la lugha yenu, nalo hilo hakulielewa vema.

Yule mwalimu wa Kibondo nalimweleza habari hizi zote pale mlangoni, mpaka giza likaingia. Akacheka kwa ajili ya samaki wa babu na yai langu. Aliposikia habari ya mtungi wa maji hakucheka. Kisha akaniuliza, "Na wakinicheka, mwalimu?"

Nikamjibu, "Watakucheka siku moja. Cheka nao, kisha ule mpaka ushibe. Usiirudishe nyumbani njaa kwa sababu ya kicheko cha mtu. Na siku utakaporudi, akiletwa mgeni mezani pako, hutahitaji kufundishwa na mtu."

Akavaa kofia yake, akaenda zake. Nanyi, jioni hii, mkiwa na mgeni nyumbani, mkaribisheni mara ya pili, na mara ya tatu, kama desturi yetu ilivyo, na watoto wayaangalie matonge yao wenyewe.

Kaeni kwa amani mpaka mwezi ujao.